Nani aketi katika kiti cha marehemu?

Jioni moja ya juma lililopita tuliwakuta vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wakigombana barazani kwa ajili ya wimbo. Yule mdogo alikuwa amefungua simu yake akisikiliza kundi la Waingereza liitwalo Queen, na aliyekuwa akiimba ni Mmarekani, jina lake Adam Lambert. Mkubwa akamwambia: “Zima hiyo. Huyo si Queen. Mwimbaji wa Queen alikufa mwaka 1991.” Mdogo akajibu: “Kaka, alikufa yeye, nyimbo zake hazikufa.” Hapo mkubwa akapandisha sauti: “Mtu anayeimba nyimbo za marehemu mbele ya watu, tena kwa malipo, ni kama mtu anayevaa koti la marehemu kabla matanga hayajaondolewa!”

Tulicheka, kwa sababu wote wawili walizaliwa miaka mingi baada ya kifo hicho. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba tumecheka upesi mno. Neno lile la koti si neno la kitoto. Huko Ulaya na Amerika wapenzi wa muziki wa roki wameshindana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, wala hawajapatana. Na kiini cha mashindano yao chatuhusu sisi sote: mtu aliyependwa akiisha kuondoka, yule anayekuja kushika kazi yake ni mwizi, au ni mtumishi? Basi leo tulitazame jambo hili polepole, tena kwa haki.

Kwanza yatupasa kumjua marehemu mwenyewe. Wengi hawajui kwamba alizaliwa katika pwani ya Waswahili. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika kazi ya serikali ya Waingereza kule Zanzibar. Alipokuwa bado mtoto alipelekwa India, katika shule ya bweni ya Panchgani. Huko alijifunza kupiga piano, na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Baadaye alirudi Unguja, lakini hakukaa sana. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, jamaa yake ilikimbilia Uingereza, na kijana akasomea sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, London. Leo mgeni anayetembea katika Mji Mkongwe wa Zanzibar huonyeshwa nyumba ya makumbusho yake, iliyofunguliwa mwaka 1969? La, si zamani hivyo: ilifunguliwa mwaka 2019 tu. Pwani ilichelewa kumkumbuka mtoto wake.

Mwaka 1970 Freddie alijiunga na vijana wawili, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyelipa kundi jina la Queen, maana yake Malkia, naye akajipa jina la Mercury. Mwaka 1971 akaongezeka John Deacon, mpiga gitaa la besi, na hao wanne hawakuachana tena mpaka kifo. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Mwaka 1975 walitoa wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliokaa majuma 9 mfululizo katika nafasi ya kwanza huko Uingereza. Na tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, palipofanywa tamasha kubwa la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, walipewa dakika 20 tu au zaidi kidogo. Watu kama 72,000 walikuwa uwanjani, na wengi wajuao muziki wasema kwamba siku ile hakuna aliyewashinda. Freddie alinyosha mkono, na uwanja mzima ukaitikia kama mtu mmoja.

Onyesho lake la mwisho pamoja na wenzake lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Tarehe 23 Novemba 1991 aliutangazia ulimwengu kwamba ana ugonjwa wa UKIMWI. Kesho yake, tarehe 24, akafa nyumbani kwake London, mwenye umri wa miaka 45.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Wenzake watatu wangefanya nini?

Tarehe 20 Aprili 1992 walirudi Wembley kumfanyia Freddie maombolezo ya hadhara. Waimbaji wengi wenye sifa walipokezana nyimbo zake, kila mmoja wimbo wake: David Bowie, Annie Lennox, Elton John, Robert Plant na wengineo. George Michael aliimba vizuri hata watu wengi wakafikiri kwamba ndiye atakayechukua nafasi, lakini haikuwa hivyo. Kwa faida ya siku ile kulianzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaosaidia vita dhidi ya UKIMWI katika nchi mbalimbali. Mwaka 1995 walitoa santuri iliyotengenezwa kwa sauti alizoziacha marehemu. Mwaka 1997 Deacon akaweka gitaa lake chini, akarudi kwa jamaa yake, na tangu wakati huo amekaa mbali na jukwaa. Wakabaki wawili, May na Taylor.

Hao wawili hawakuweza kunyamaza. Mwaka 2003 walikuwa Cape Town, Afrika Kusini, katika tamasha la Nelson Mandela la kupigana na UKIMWI. Mwisho wa mwaka 2004 wakatangaza kwamba wataanza safari tena pamoja na Paul Rodgers, Mwingereza aliyekwisha kupata sifa katika makundi ya Free na Bad Company. Walisafiri naye, na mwaka 2008 wakatoa santuri ya nyimbo mpya. Mwaka 2009 wakaagana kwa amani.

Mwaka ule ule wa 2009, katika mashindano ya waimbaji ya televisheni ya Marekani yaitwayo American Idol, alitokea kijana wa miaka 27, ndiye Adam Lambert. Alipojaribiwa mara ya kwanza aliimba Bohemian Rhapsody. Hakushinda mashindano, alikuwa wa pili. Lakini usiku wa mwisho May na Taylor walikuja kupiga muziki pamoja na washindani, na hapo walimsikia kwa masikio yao. Mwaka 2011 waliimba naye huko Belfast. Tarehe 30 Juni 2012 wakafanya naye onyesho zima huko Kiev. Na kuanzia mwaka 2014 wakazunguka naye dunia, hata safari ya Japani ya Februari 2024. Ukihesabu tangu Belfast, ni zaidi ya miaka 12. Freddie mwenyewe alisimama jukwaani na Queen miaka 16.

Sasa tusikilize mashindano ya mashabiki, tena tusikilize pande zote.

Upande wa kwanza ni ule wa kaka yetu wa barazani. Wasema: Queen ni watu wanne. Mmoja amekufa, mmoja amejiondoa. Nusu ya nyumba imeanguka, kwa nini mlango ubaki na jina lile lile? Wasema tena: sauti ya Freddie haikuwa chombo tu, ilikuwa mtu. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo nyingi anazoimba mwingine leo. Na wengine huongeza kwa uchungu kwamba yote yafanywa kwa ajili ya fedha.

Upande wa pili ni ule wa mdogo. Wasema: May na Taylor walikuwako tangu siku ya kwanza. Wao pia walitunga, wao pia waliimba, jasho lao limo katika kila santuri. Je, kwa kuwa rafiki yao amekufa, nao wazikwe pamoja naye? Na sisi tuliozaliwa nyuma, je, tusipate hata siku moja kuzisikia nyimbo hizi zikipigwa na mikono iliyozizaa?

Kuna na upande wa tatu. Mwaka 2011 Mkanada mmoja, Marc Martel, alijirekodi akiimba wimbo wa Queen, na sauti yake ilifanana na ya Freddie hata watu wakashangaa. Alichaguliwa kuimba katika kundi ambalo Roger Taylor alilianzisha ili lipige nyimbo za Queen kwa heshima ya Queen. Tena sauti yake ilitumiwa pamoja na ya Freddie mwenyewe katika filamu ya maisha ya Freddie iliyotoka mwaka 2018. Upande huu wauliza: sauti ile ile imepatikana, basi kwa nini mwamtafuta mwingine?

Wasomaji wapenzi, angalieni sasa jambo moja. Paul Rodgers alilaumiwa kwa sababu hakufanana na Freddie: sauti yake ilikuwa nzito, ya muziki wa bluzi, na mavazi yake ya kawaida. Lambert akalaumiwa kinyume: ana sauti ya juu, apenda mapambo na michezo ya jukwaani, basi yasemwa kwamba anajifananisha na Freddie. Na Martel, aliyefanana kuliko wote, alipata neno lake pia: huyo ni kivuli tu. Mmoja ni mbali mno, wa pili karibu mno, wa tatu ni yule yule mno. Tukiona hivyo twafahamu kwamba shauri si la sauti. Hata angeshuka malaika mwenye sauti ya Freddie, bado wangemwona si Freddie. Watu hawa wana kilio. Wanaombea kitu kimoja tu, nacho hakiwezekani: marehemu arudi.

Wala hatuwacheki. Mtu aweza kumlilia mwimbaji ambaye hakumwona hata mara moja, maana sauti ile ilimkuta katika chumba chake wakati wa huzuni yake. Hilo ni deni la kweli. Lakini kilio kisipofahamika kuwa ni kilio, hugeuka hasira, na hasira hutafuta mtu wa kumwangukia. Mara nyingi humwangukia yule aliyekuja mwisho, ambaye hakumwua mtu.

Sasa tuwakumbushe mashabiki wa kweli wa Queen habari ambayo wengi wao waijua, lakini hawapendi kuifikiri katika shauri hili. Kabla ya Queen, Brian May na Roger Taylor walikuwa na kundi liitwalo Smile. Mwimbaji wake hakuwa Freddie. Alikuwa Tim Staffell, ambaye pia alipiga gitaa la besi. Freddie alikuwa rafiki yao na msikilizaji wao, alikuja kuwatazama wakiimba. Mwaka 1970 Staffell alijiondoa akaenda katika kundi jingine, na Freddie akasimama mahali pake. Naam, mtu ambaye leo watu husema hakuna awezaye kukaa katika kiti chake, alianza kwa kukaa katika kiti cha mwingine!

Na kuna zaidi. Katika santuri ya kwanza ya Queen, ile ya 1973, umo wimbo wa Doing All Right. Wimbo huo walitunga May na Staffell. Freddie aliuimba, yaani aliimba wimbo wa yule aliyemtangulia, wala hakuna aliyemwita mwizi. Miaka 45 baadaye, ilipotengenezwa ile filamu ya 2018, May na Taylor walimwita Staffell, naye akauimba tena pamoja nao kwa ajili ya filamu hiyo. Wimbo mmoja, waimbaji wawili, wala wimbo haukupungua.

Lakini tuwe wakweli. Mtu wa upande wa kwanza ataweza kutujibu: “Staffell alijiondoa mwenyewe akiwa mzima, na kundi lake halikuwa na sifa. Freddie alikufa. Si sawasawa.” Ni kweli, si sawasawa. Basi tutafute mfano wa kifo.

Kundi la AC/DC la Australia lilikuwa na mwimbaji Bon Scott, aliyependwa mno. Alikufa London tarehe 19 Februari 1980. Wenzake walimtafuta mwingine upesi, wakamchukua Brian Johnson, mtu wa kaskazini ya Uingereza ambaye hakujulikana sana. Tarehe 25 Julai ya mwaka ule ule wakatoa santuri ya Back in Black. Jalada lake lilikuwa jeusi kwa ajili ya maombolezo, na wimbo wa kwanza huanza kwa mlio wa kengele, kama kengele ya mazishi. Santuri hiyo imekuwa mojawapo ya zile zilizonunuliwa kuliko zote duniani. Angalieni walivyofanya: hawakumficha marehemu ili mgeni apendwe. Walimvalisha mgeni nguo ya matanga, wakaingia naye mbele ya watu.

Na mwaka 2016 ilitokea ajabu. Waganga walimwonya Johnson kwamba akiendelea na maonyesho makubwa aweza kupoteza kusikia kabisa, naye akaacha safari katikati. Kundi likamchukua Axl Rose, Mmarekani, amalizie. Mashabiki wengi wakanung’unika, wengine wakadai warudishiwe fedha za tiketi. Walikuwa wakimlilia nani? Walimlilia Johnson, ndiye mgeni wa 1980! Mrithi wa jana amekuwa marehemu wa leo, ijapokuwa yu hai. Na kwa furaha ya wengi alirudi katika santuri ya 2020. Kwa hiyo yule anayesema “huyu hawezi kupendwa kamwe” asiape haraka.

Wako pia waliochagua njia nyingine. Kundi la Led Zeppelin lilipofiwa na mpiga ngoma wake John Bonham, mwezi wa Septemba 1980, wenzake watatu walitangaza mwezi wa Desemba kwamba hawataendelea. Nao walistahili heshima kwa kufanya hivyo. Kufunga nyumba si woga, na kuiacha wazi si usaliti. Wenye nyumba ndio wanaojua kama bado wanaweza kuishi ndani yake.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya dhambi ya mashabiki, maana ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kundi la Marekani liitwalo Journey lilikuwa na mwimbaji Steve Perry, ambaye hakufa, bali aliacha kazi. Mwaka 2007 mpiga gitaa wa kundi, Neal Schon, alimwona katika intaneti mwimbaji wa Ufilipino, Arnel Pineda, akiimba nyimbo za Journey huko Manila. Pineda alifiwa na mama yake akiwa kijana wa miaka 13, na kwa muda alilala njiani na katika bustani za mji. Schon alimwita Amerika, wakamjaribu, wakamchukua. Kwa mtu maskini ilikuwa kama ndoto. Lakini wako mashabiki ambao hawakumpinga kwa sababu ya sauti yake. Walimpinga kwa sababu ya uso wake na nchi yake. Waliandika matusi kwamba mwimbaji wa kundi la Wamarekani lazima awe Mmarekani.

Tazameni jinsi hoja ya muziki ilivyoweza kuwa kifuniko cha dharau. Mtu asema, “Mimi namtetea mwimbaji wa zamani,” kumbe anamtukana Mwasia. Ndiyo maana yafaa kila mmoja ajipime: je, neno langu ni la sauti na wimbo, au ni la kabila na rangi na umaskini wa mwenzangu?

Na yule mwimbaji wa zamani mwenyewe alifanya nini? Tarehe 7 Aprili 2017 kundi la Journey liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki la Marekani. Perry alikuja kupokea heshima yake. Hakuimba; aliyeimba nyimbo usiku ule ni Pineda. Lakini Perry aliposimama kusema mbele ya watu wote, alimtaja Pineda kwa jina, akamsifu kwa kuimba kwa moyo wake wote kila usiku. Mwenye koti mwenyewe aliona aliyelivaa, akamshukuru. Baada ya hapo mashabiki wana neno gani?

Tunarudi sasa kwa Queen, nasi tutasema yale tunayoyaona, maana mioyo ya watu hatuioni.

Tunaona jina. Hawakuandika Queen peke yake. Waliandika Queen + Paul Rodgers, kisha Queen + Adam Lambert. Wanafunzi wetu waijua alama hiyo katika hesabu: ni alama ya kujumlisha. Mwenye kujumlisha hafuti namba ya kwanza. Wangetaka kuwadanganya watu, wangeiondoa alama.

Tunaona jukwaa. Katika maonyesho yao huja saa ambapo Lambert huondoka, na May, mzee mwenye nywele nyeupe, huketi peke yake na gitaa lake, aimbe wimbo wa Love of My Life pamoja na watu. Karibu na mwisho picha ya Freddie hutokea nyuma yake na kuimba naye, na wengi hulia. Hawa si watu wanaomsahau rafiki yao.

Tunamwona na Lambert. Yeye mara nyingi huwaambia watu waziwazi kwamba Freddie ni mmoja tu, wala yeye hakuja kumbadili, bali kuziimba nyimbo hizo pamoja nao. Na ijapokuwa wamesafiri pamoja miaka mingi, hawakutoa santuri nzima ya nyimbo mpya kwa jina la Queen na sauti yake. Kuna mpaka, nao wameutunza. Tukikumbuka lile koti la kaka yetu, twaweza kusema: Lambert hakuvaa koti la marehemu. Amekuja na koti lake mwenyewe, tena lenye mapambo mengi, akasimama kando ya koti lililotundikwa ukutani.

Je, wapata fedha? Ndiyo, tiketi huuzwa, tena si kwa bei ndogo. Lakini fundi hulipwa, mwalimu hulipwa, na mpiga tarumbeta wa kijijini hupewa chochote siku ya arusi. Malipo peke yake hayageuzi kazi kuwa wizi.

Basi kaka mkubwa ana kosa katika yote? Hasha. Ana haki katika mambo mawili. Mtu akitaka kuzisikiliza santuri za zamani tu, na kwake Queen iwe imekwisha mwaka 1991, hakuna awezaye kumlazimisha. Uaminifu kwa aliyekufa ni jambo jema. Tena ni haki kwake kusema kwamba wimbo fulani Lambert hakuuimba vizuri. Mwimbaji anayepanda jukwaani amekubali kupimwa. Lakini hana haki ya kumchukia mtu kwa kosa la kuwa hai.

Neno hili si la jukwaa la Wembley tu. Mwalimu mpya huingia darasani ambamo yule wa zamani alipendwa, na watoto humwambia, “Mwalimu wetu hakufanya hivyo.” Mama wa kambo huingia nyumbani, akapika, na sufuria yake hulinganishwa na ya marehemu. Kiongozi mpya wa kwaya hunyanyua mkono, na sauti za pili zakataa kuanza. Kila mmoja wao ameingia katika nyumba yenye kilio, wala si yeye aliyeleta msiba. Aliyekuja baadaye yampasa kulitaja jina la aliyetangulia kwa heshima. Na waliomtangulia nyumbani yawapasa kumpa mgeni nafasi ya kukaa, hata kama hawawezi kumpa upendo kwa siku moja.

Jumapili tuliwakuta tena wale ndugu wawili. Tuliwasimulia habari za Tim Staffell. Mkubwa hakuijua, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi huyo Mmarekani na aimbe. Lakini mimi nitasikiliza zile za zamani.” Tukamwambia kwamba hiyo ni haki yake. Mdogo hakujibu neno. Aliutafuta katika simu ule wimbo wa Doing All Right, kwanza kwa sauti ya Freddie, halafu kwa sauti ya Staffell mzee, akaweka simu juu ya kibao katikati yao. Wakausikiliza mara mbili, wote wawili, wala hawakugombana.